Breki Niliyoipaka Mafuta

Mwanangu hakufa kwa baiskeli. Nalitanguliza hili kwa sababu kila nikitaja baiskeli yake, watu hunitazama kama wameshaelewa kilichotokea. Alikufa kwa homa ya siku nne, hospitalini, mimi nikiwa nimetoka kumtafutia dafu kwa sababu alisema mdomo unamkauka. Niliporudi na dafu mkononi nilimkuta ameshafunikwa shuka. Lile dafu nikampa mlinzi wa langoni. Hadi leo sijui kwa nini nilimpa, na sijui kama alilinywa.

Mimi ni fundi cherehani. Nimesoma hadi darasa la saba, na tangu nikiwa na miaka kumi na sita napiga pindo za leso Biashara Street, barazani mbele ya duka. Mteja hununua leso zake ndani, hutoka nazo zikiwa bado kitambaa kimoja, nami huzikata katikati na kuzipiga pindo huku amesimama ananisubiri. Kazi hii haitaki elimu. Yataka mguu uliotulia na cherehani iliyotiwa mafuta. Kila asubuhi kabla sijakaa, hutia matone matatu: moja kwenye sindano inapoingilia, moja kwenye gurudumu, moja chini. Hewa ya huku ni chumvi. Chuma kisichofutwa kwa mafuta wiki mbili huanza kuota kutu, na kutu ikishaingia haitoki. Kwa hivyo nyumbani kwetu bawaba, kufuli, mikasi, pasi, hata funguo, vyote hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Mama yangu alifanya hivyo. Nyumba nyingi za Mji wa Kale hufanya hivyo, wala hakuna anayeuliza sababu.

Arubaini ilipopita, mke wangu alizigawa nguo za mtoto kama ilivyo desturi. Viatu vilichukuliwa na binamu yake. Ikabaki baiskeli, ambayo hakuna aliyeiomba kwa sababu hakuna ambaye angeweza kuitumia. Haina tandiko. Si baiskeli ya kwendea sokoni wala kazini, ni ya kurukia mawe. Mtu husimama juu ya pedali, hupanda ngazi, hupanda ukuta, huruka kutoka jiwe hadi jiwe kwa gurudumu la nyuma peke yake, na mguu usiguse chini. Mwanangu aliipata kwenye kontena la mitumba bila breki na bila mnyororo, akaikusanya vipande vipande kwa miaka miwili. Mimi sikuupenda mchezo ule. Nilimwambia mara nyingi kwamba ni upuuzi, na hilo pia nalitanguliza.

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta kwenye ngazi, ghorofa ya kwanza, katika nyumba tunayopanga Kibokoni. Kila Ijumaa nikirudi kutoka msikitini nilikaa kwenye kipandio na kitambaa changu nikaifuta. Nilianza na mnyororo, nikaenda kwenye fremu, kisha spoki moja baada ya moja, na mwisho rimu, ile duara ya chuma inayoshika tairi. Rimu ya nyuma niliifuta zaidi. Pande zake mbili zilikuwa na mistari myembamba iliyolala mshazari, mamia kwa mamia, imezunguka gurudumu zima. Mwanangu ndiye aliyeichora kwa grainda ya kuazima, ile mashine ya kukwangulia chuma. Nilikuwa nikiipitishia ukucha, nikihesabu, nikipotea, nikianza tena. Nilifanya hivyo miezi saba. Nikimaliza rimu iling'aa mpaka nikauona uso wangu umepinda ndani yake.

Basi asubuhi moja binti yangu aliingia jikoni na kidevu kimechubuka na mkono mmoja wa buibui umeraruka. Ana miaka ishirini na mbili, anauza dawa kwenye famasi huko Ganjoni, na ndiye aliyekuwa akitoka na nduguye kwenda kurukia mawe. Yeye alikuwa na baiskeli yake mwanzo, akaiuza nduguye alipolazwa, tulipe hospitali. Hakuwa amegusa baiskeli tangu msiba.

"Baba, umeifanya nini baiskeli?"

"Sijaifanya kitu. Naitunza."

"Waitunza vipi?"

"Naifuta kutu."

Alikipapasa kidevu chake. "Nimeshika breki kwenye ngazi za kichochoroni, gurudumu likaenda tu. Likaenda kama halijashikwa."

Mama yake alikuwa akigeuza chapati. Hakugeuka. Alisema, "Wewe alfajiri yote hii ulikuwa kwenye ngazi za watu?"

"Silali, Mama. Niende wapi?"

Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa akilala. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiamka kabla ya adhana na kuzunguka chumba, nikifungua kabati na kulifunga, nikisahau nilikuwa nikitafuta nini. Mchana nilikuwa nikiinuka kwenye cherehani kila baada ya leso mbili, nikaenda hadi kona ya mtaa, nikarudi. Wenye duka waliniona na wakaninyamazia.

Binti akasema kuna kitu kimoja tu kinachomtuliza kichwa. "Nikiwa juu ya jiwe sifikirii chochote. Nafikiria gurudumu peke yake." Wenzake wanne wangekwenda Jumapili ya wiki iliyofuata Kizingo, kwenye mawe ya ufukweni karibu na mnara wa taa. Angekwenda nao. Kwa baiskeli ile.

Nikamwambia asubiri breki itengenezwe. Nilisema hivyo nikidhani ni kazi ya siku moja.

Fundi wa baiskeli aliyekuwa akisuhubiana na mwanangu ni Mduruma wa makamo, ana kibanda cha mabati nyuma ya maghorofa ya Ganjoni. Tulimpelekea gurudumu la nyuma pamoja na baiskeli yenyewe. Alinipa pole tena, ingawa alishanipa siku ya mazishi, kisha akapitisha dole gumba kwenye rimu. Akalinusa lile dole. Akanitazama.

"Mzee wangu, hii ni rimu ama sambusa?"

Binti yangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba, na nilikasirika, halafu nikaona haya kukasirika.

"Ni mafuta ya cherehani," nikasema.

"Nani ameyatia?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Kila Ijumaa."

"Yakhe! Mnyororo ndio wapenda mafuta. Breki mafuta ni sumu. Mimi nikimwona mtu apaka breki mafuta, humuuliza kama ana kesi na mwenye baiskeli."

Alipolisema akakumbuka mwenye baiskeli ni nani. Akainama akaanza kufungua nati kwa haraka. Sikumkasirikia. Alikuwa amesema kweli. Breki ya aina ile ni vipande viwili vya raba vinavyoibana rimu kutoka kulia na kushoto, basi. Hakuna kingine kinachomshikilia mtu juu ya ukuta. Na mimi kwa miezi saba nilikuwa nikihakikisha kwamba hapo pa kubana pateleze.

Raba za breki zilikuwa zimeyanywa mafuta. Alizitupa kwenye debe bila kuuliza. Rimu akaniambia niioshe mwenyewe, kwa kuwa nina mikono ya subira: sabuni ya vyombo na maji ya moto, ikauke, kisha spiriti na kitambaa safi, na kitambaa kikishika weusi nichukue kingine. Nilitumia vitambaa kumi na moja, mabaki ya leso. Mafuta yalikuwa yamejificha ndani ya mistari, na kila nikidhani nimemaliza yalitoka tena. Fundi akafunga raba mpya, akazipiga msasa usoni ili zisiwe laini, akazipanga zikae bapa juu ya rimu, zisiguse tairi wala zisibane kwa ukingo mmoja. Akakaza waya.

Binti akapanda pale pale, uwanjani mbele ya kibanda. Aliinua gurudumu la mbele, akaruka kidogo, akashika breki. Gurudumu lilisimama, kisha likasogea kidogo, kisha likasimama.

"Yashika kama mtu anayekusalimu kwa ncha za vidole," akasema.

Tukajaribu lami. Mmoja wa wenzake alimwambia kwamba waruka mawe wengine hupaka rimu lami kidogo ili raba ing'ang'anie. Akaokota bonge mahali walipokuwa wakiziba mashimo ya barabara, akalisugua juu ya rimu asubuhi na mapema, na kwa kweli breki ilishika hata ikalia. Alinipigia simu kazini kwa furaha. Saa saba mchana alinipigia tena. Jua la Ganjoni lilikuwa limeiyeyusha ile lami, raba zimegandia, breki haishiki wala haiachi, na akizivuta zinatoa nyuzi kama halua. Ikabidi tuioshe kwa mafuta ya taa. Kisha tuyaoshe mafuta ya taa. Vitambaa vingine tisa.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Familia hii! Baba apaka mafuta, binti apaka lami. Mama yenu asije na samli."

Halafu akaligeuza gurudumu kwenye mwanga. "Kilichobaki ni grainda, mzee. Hii mistari imelika. Ilikuwa na makali, sasa imelala. Rimu haina la kuing'ata raba. Yabidi ichorwe mingine juu yake."

"Juu yake," nikasema.

"Hakuna pengine pa kuichora."

Nikamwambia hapana. Nililichukua gurudumu, nikalitia kwapani, nikaondoka. Sikumuaga. Nilitembea kutoka Ganjoni hadi Kibokoni nimelikumbatia, na njiani watu wawili walinisalimu na sikumbuki niliwajibu nini.

Kesho yake nilikwenda nalo kazini. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Nililiegemeza kando ya cherehani, na kila nikimaliza upande mmoja wa leso nilinyoosha mkono nikaligusa. Ile mistari ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wa mwanangu niliyokuwa nayo. Hakuwa mtu wa kuandika. Picha zake ziko kwenye simu, lakini picha haina alama unayoweza kuipitishia ukucha. Niliwaza hayo, mguu ukaenda wenyewe, na mama mmoja aliyekuwa akisubiri akainyakua leso yake kutoka chini ya sindano.

"Fundi! Pindo langu laenda wapi, Lamu ama Malindi?"

Nilitazama. Lilikuwa limekwenda kombo kama njia ya mchwa. Nikamwomba radhi, nikafumua, nikapiga upya, nikaharibu tena. Mara ya tatu mwenye duka alitoka akanishika bega, akaniambia, "Nenda ukapumzike, maalim." Mimi si maalim wa chochote. Nikajua hali yangu imekuwa mbaya ikiwa naheshimiwa namna ile.

Jioni binti alinikuta barazani nyumbani.

"Baba, simfuti."

"Sijasema wamfuta."

"Hujasema kitu chochote. Ndiyo taabu yako, husemi." Akaketi karibu nami. "Nitakwenda Jumapili. Ukinipa na mistari mipya nitakwenda, na ukinipa vivi hivi nitakwenda. Sikutishi. Nakueleza."

Nikamwambia angeanguka.

"Basi nitaanguka."

Aliingia ndani. Mke wangu, aliyekuwa kwenye ngazi na ametusikia, alisema neno moja tu, na alilisema kwa uchovu. "Mimi nimezitoa nguo zake zote na bado ni mwanangu. Wewe wagombania chuma." Halafu na yeye akaingia.

Alhamisi nilirudi Ganjoni na gurudumu. Nilimwambia fundi rimu nitaichora mwenyewe, asiiguse mtu mwingine. Alikubali, lakini kwanza akanipa rimu mbovu nijifunzie. Si kazi ngumu kwa mtu aliyezoea mashine. Gurudumu hufungwa bila tairi kwenye stendi, mkono mmoja hulisogeza polepole, mwingine hushika grainda, na jiwe la grainda hugusa tu, halikandamizi. Ukikandamiza utaila rimu ikawa nyembamba na siku moja itapasuka. Lazima mkono uende kwa mwendo ule ule, pembe ile ile, kama kupiga pindo. Fundi alitazama rimu yangu ya mazoezi akasema, "Haya. Ungekuja kwangu miaka thelathini iliyopita." Kisha mteja akamwita nje, wakaanza kubishana juu ya pedali.

Nikaanza. Vumbi la chuma lilikuwa jeupe na lilinukia moto. Mistari ya mwanangu ilikuwa ikitoweka chini ya mistari yangu, na nilistahimili, kwa kuwa nilijiambia nisimtazame yeye, nitazame jiwe. Upande wa kulia niliuzunguka karibu wote. Nilipofika karibu na tundu la valvu, pale upepo unapoingilia, palibaki kama shibiri moja, kiasi cha kiganja kilichonyooshwa. Hapo mistari yake ilikuwa bado inaonekana vizuri kuliko kwingine. Nikazima grainda. Nikageuza gurudumu, nikafanya upande wa kushoto, na pale pale penye valvu nikaacha shibiri nyingine.

Sitasingizia kwamba sikujua. Nilijua. Breki inashika mahali popote gurudumu lilipo wakati mtu anapoibana, na haichagui. Kwa rimu kama ile, shibiri moja ni sehemu kama ya nane ya duara. Maana yake ni kwamba mara saba ingeshika, na mara ya nane ingeteleza shibiri nzima ndipo ishike. Juu ya uwanja shibiri si kitu. Juu ya ukuta ni kuanguka. Nilijua haya yote nikiwa nimelishika gurudumu, na bado nililivalisha tairi, nikajaza upepo, nikamkabidhi fundi. Alilizungusha mara moja, akabana, likasimama kwa kelele ya kukwaruza meno.

"Hiyo sasa ni breki," akasema.

Nikasema ahsante.

Ijumaa sikuweza kula. Jumamosi nilifungua na kufunga kabati lile lile mpaka mke wangu akaondoa ufunguo. Binti alipita akiimba chini chini, akipakia glavu na chupa ya maji kwenye mfuko, akanibusu mkono. Nilikuwa na nafasi kama ishirini za kumwambia. Kila moja niliiona ikija na nikaiacha ipite, nikijiambia kwamba huenda sehemu ile isifike chini ya raba hata mara moja, kwamba ni bahati tu, kwamba Mungu atamlinda, kama kwamba Mungu ndiye aliyezima grainda.

Jumapili alitoka saa mbili. Saa tatu nilikuwa nimekaa sehemu yangu ya Biashara Street, ambako siku hiyo hapakuwa na mteja, natia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Nikainuka. Nikakamata tuktuk.

"Kizingo, kwenye mnara wa taa. Kimbia."

"Mzee, kwani kuna nini? Meli yazama?"

"Kimbia tu, mwanangu."

"Tuktuk hii haikimbii, mzee. Hukohoa ikasogea."

Niliwaona kutoka barabarani. Walikuwa wanne chini kwenye mawe ya matumbawe, wanaruka na kupigiana kelele. Binti yangu hakuwa juu ya jiwe. Alikuwa amekaa kando peke yake, baiskeli imelala, suruali imeraruka gotini na damu imeganda hadi kwenye soksi. Nilishuka kwa matako kuliko kwa miguu, maana viatu vyangu si vya mawe.

Aliponiona hakushangaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

"Nimesahau, Baba," akasema. "Kila kitu alichonifunza nimesahau. Nimeanguka mara tatu. Naruka vizuri, nashika vizuri, halafu mwili waniacha. Wenzangu wasema ni kwa sababu nimekaa muda mrefu. Mimi najua si hivyo. Kimetoka. Alipoondoka kimeondoka naye."

Mpaka pale hofu yangu yote ilikuwa ya mfupa kuvunjika. Sikuwa nimefikiria jambo hili, kwamba angeanguka na kujilaumu, kwamba ningemnyang'anya kile kidogo alichoachiwa na nduguye ili mimi nibaki na changu.

"Hujasahau," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikamwonyesha. Niliiinua baiskeli, nikazungusha gurudumu mpaka valvu, nikamwekea kidole chake pale. Alipapasa. Akapapasa pembeni. Akarudi. Aliuona mpaka kati ya mistari yangu na ya nduguye, ulikuwa wazi kabisa kwa anayejua pa kutazama.

"Ulipaacha?"

"Ndiyo."

"Kwa kusahau?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alinipa mlango. "La," nikasema. "Kwa makusudi."

Sikumbuki nilikuwa nimetarajia nini. Alisimama, akaondoa mchanga kwenye goti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaishika baiskeli kwa mikono yake, akaanza kupanda kuelekea barabarani. Mmoja wa wenzake aliita, "Dada, vipi, waenda?" Aliendelea kupanda. Mimi nikamfuata nyuma na mfuko wake. Tulitembea hivyo kutoka Kizingo hadi Ganjoni, chini ya miti ya zile nyumba kubwa, hatua kumi kati yetu, na mara moja tu aligeuka.

"Nilidhani ni mimi," akasema. "Wajua hilo? Nilidhani ni mimi."

"Najua."

"Hujui."

Akaendelea mbele.

Fundi alikuwa ametoka kanisani, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anakunywa chai mbele ya kibanda kilichofungwa. Alitutazama, akamtazama binti goti, akanitazama mimi. Akainua mikono juu.

"Sigusi kitu. Hii ni nguo ya Bwana."

"Tufungulie tu," binti akasema. "Atafanya yeye. Mimi nitashika."

Alitufungulia. Tulivua tairi. Binti akalishika gurudumu kwenye stendi ile shibiri ikiwa juu, mimi nikachukua grainda. Kabla sijaiwasha aliinama, akapitisha ukucha wake kwenye mistari ya nduguye, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikadhani atalia. Akatoa sauti puani.

"Alikuwa ovyo," akasema. "Tazama huu. Na huu, umepinda kabisa. Hapa mkono ulimchoka, akaenda kunywa soda."

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Miezi yote ile nilikuwa nimeihesabu na sikuona kwamba ilikuwa imechorwa ovyo.

"Hakuwa na subira," nikasema.

"Hata kidogo. Washa, Baba."

Nikawasha. Fundi alisogeza kikombe chake cha chai mbali na vumbi, akalinda shati lake kwa gazeti, na hakusema neno la mzaha. Upande wa kulia, kisha wa kushoto. Haikuchukua hata dakika tano. Binti alipuliza vumbi, akafuta rimu kwa spiriti, akazungusha gurudumu zima chini ya kidole, polepole, amefumba macho, akitafuta mahali palipobaki. Alizungusha mara mbili. Hakunihakikishia kitu. Alifunga tairi mwenyewe.

Tuliporudi Kizingo wenzake walikuwa bado wapo. Hakuanza na mawe madogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe lile lililomwangusha, lenye kimo cha kifua changu, akapanda juu ya jingine mbele yake, akainua gurudumu la mbele, akaanza kurukaruka palepale akijipima. Breki ililia kila mara, kali, mpaka meno yakaniuma, na kila mara gurudumu lilisimama pale pale lilipotua. Niliendelea kusikiliza kilio kile, nikisubiri kikatike. Akaruka mara kumi, kumi na tano, na hakikukatika.

Halafu akasimama kwa gurudumu moja, amejikunja, kidole kimoja juu ya breki, akanitazama kutoka juu. Uso wake ulikuwa bado na hasira kwangu. Nadhani ulikaa nayo siku nyingi baadaye, na ilikuwa haki yake.

"Baba, sogea."

Sikuelewa.

"Umesimama ninapotaka kutua."

Nikasogea.